Mlingoti wa Shemeji

Nyunzu ina misimu miwili na paa la nyumba yetu lina pande mbili, na ugomvi wote wa mwaka ule ulitokana na msimu mmoja kutopatana na upande mmoja.

Mambo yalianza kwa vigelegele. Baba watoto ni muuguzi, na zamu yake ya likelemba, mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, ilipofika hakujenga jiko la matofali kama tulivyokubaliana. Aliagiza paneli ya wati 100 kutoka Kalemie, pamoja na betri, regilateri na taa nne. Reli ya kutoka Kabalo ilifika Ziwa Tanganyika mwaka 1915, enzi hizo Kalemie ikiitwa Albertville, na Nyunzu imo njiani. Lakini mwenye haraka hasubiri treni. Paneli ilikuja kwa pikipiki, imebanwa katikati ya magodoro mawili, na juu ya magodoro gunia la ndagala. Kioo kilifika kizima. Harufu ya samaki nayo ilifika nzima, ikakaa nasi hadi Noeli.

Vigelegele vilikuwa na sababu. Kalemie wana umeme wa maji unaotoka Bendera, kwenye mto Kyimbi, na sisi waya zake tunazisikia tu kwa wanaosafiri. Hapa kwetu jua likizama ni tochi, kibatari, na jenereta ya mwenye duka anayeiwasha siku za mpira.

Fundi alikuja mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeshika kasi. Ndani ya katoni kulikuwa na karatasi ya maelekezo iliyochapwa kwa lugha kadhaa, na kwa Kifaransa ilisema wazi: paneli itazame kusini. Fundi akaisoma kwa sauti mbele ya ukoo, akafungua dira kwenye simu yake, akapanda ngazi. Kusini kwetu ndiko barabara iliko. Kila mpita njia angeiona ile paneli, na jambo hilo lilimridhisha mama mkwe kuliko karatasi yoyote. Ikalazwa juu ya mabati, imeshikwa na fito mbili za mbao, na jioni ile tukala tukionana nyuso.

Miezi ya mvua ilifanya kazi bila kinyongo. Asubuhi inanyesha, adhuhuri mbingu inafunguka samawati iliyooshwa, na saa nane regilateri imeshawasha taa ya kijani kuonyesha betri imejaa. Mama mkwe akaona biashara. Alijiwekea meza barazani, akaanza kuchaji simu za mtaa mzima. Hajui kusoma, lakini hakuna simu iliyowahi kupotea mikononi mwake: kila simu aliifunga kipande cha kitenge, na kipande pacha cha kitenge hichohicho akampa mwenyewe aende nacho. Ukija na kipande cha maua mekundu, unapewa simu yenye maua mekundu. Ukija bila kipande, hata kama ni chifu, unarudi kukitafuta.

Kisha, mwezi wa tano, mvua zikakatika.

Mtaani wote walitupongeza. Kiangazi kimeingia, hakuna wingu, sasa mtauza moto hadi Kabalo! Na kwa hesabu za kawaida walikuwa na haki, maana wingu ndilo adui wa kwanza wa paneli. Lakini mwezi wa sita ulipofika katikati, taa nyekundu ya regilateri ilikuwa inawaka saa mbili usiku, televisheni inazimika kabla ya habari, na wateja wa mama mkwe wanarudishiwa simu zilizojaa nusu. Mmoja alimwambia barazani, watu wakisikia, kwamba biashara yake imekuwa ya kuuza vipande vya kitenge.

"Mama, betri imechoka," baba watoto alijaribu.

"Betri ya mwaka jana inachokaje? Mimi ni wa zamani kuliko uhuru na sijachoka."

Kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Fundi alishitaki betri, na kwa bahati njema alikuwa nayo nyingine ya kuuza. Baba watoto alishitaki katuni za watoto. Mama mkwe alimshitaki jirani wa ng'ambo ya barabara aliyeisifia paneli bila kusema "Mungu aibariki". Shemeji, mdogo wake baba watoto, kijana wa miaka ya mwisho ya sekondari anayelala chumba cha chini ya paneli yenyewe, hakuwa na upande wowote hadi siku Baba Mdogo alipopiga simu kutoka Lubumbashi.

Baba Mdogo hapigi simu kusalimia. Hupiga kuhutubia. Simu ikawekwa juu ya meza, sauti nje, ukoo ukaizunguka.

"Nyinyi mko bondeni," alisema. "Shida yenu ni kimo. Sisi huku tuko juu, jua letu ni kali, paneli yangu ya wati 100 inavuta friji. Huko kwenu jua linafika limeshachoka na safari."

Nimtendee haki, maana katika hotuba zake huwa kuna mbegu ya kweli. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Nyunzu imo kwenye bonde la Lukuga, mto unaoyatoa maji ya Ziwa Tanganyika na kuyateremsha hadi Lualaba. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 773 hivi, nasi tuko kadiri ya mita 700. Mwanga wa jua ukishuka hupita ndani ya hewa, na hewa hutoza ushuru: molekuli zake huutawanya mwanga, mvuke wa maji huumeza sehemu, vumbi na moshi humalizia. Ukipanda mita 1,000, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya hewa inabaki chini ya miguu yako. Ushuru unapungua.

Tena huko juu kuna baridi, na paneli hupenda baridi. Wati zinazoandikwa mgongoni mwake ni za kiwandani: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na joto la nyuzi 25. Hizo nyuzi 25 ni za paneli yenyewe, si za hewa. Kila nyuzi moja inayozidi hapo, paneli za silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Juu ya bati letu, saa saba ya mchana, ikiwa imelala bila upenyo wa kutosha wa hewa mgongoni, inaweza kupita nyuzi 60. Hapo wati kumi na kitu zimekwenda kabla hujawasha taa. Na kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi au 7.

Basi nikafanya hesabu nyuma ya daftari la mwanafunzi, maana mimi hufundisha fizikia na daftari ndilo lililokuwa karibu. Kati yetu na Lubumbashi ni kama mita 500. Ubaridi wa nyuzi 3 unaleta wati moja na kidogo. Mwanga ulioongezeka unaleta wati chache nyingine. Jumla, nikimpa Baba Mdogo kila kitu pamoja na heshima zake, wati 5 kati ya 100. Sisi tulikuwa tumepoteza nusu.

Nikawaambia mezani, tukila bukari na sombe. Kama bonde ndilo linaloua jua, mbona Manono, iliyo ndani ya mkoa wetu huuhuu wa Tanganyika na iko chini kuliko sisi, ina mtambo wa jua wa megawati 1 tangu 2018? Na Garissa ya Kenya, nchi ya ngamia, iliyo chini zaidi tena na yenye joto la kuotesha malengelenge, mbona walifungua mtambo wa megawati 50 mwaka 2019? Anayetaka kimo cha kweli aende Marungu, kule Pepa kwenye ng'ombe na viazi, ambako uwanda unapita mita 2,000 na mwezi wa saba watu wanalala na makoti. Kule, paneli ikiwa safi na mbingu ikiwa safi, labda ingetupita kwa sehemu moja ya kumi. Sehemu moja ya kumi haizimi televisheni.

"Madame," alisema baba watoto, "hapa si darasani."

Katika hotuba zote mbili, ya Baba Mdogo na yangu, shemeji aliondoka na neno moja: juu. Sikujua hadi nilipomwona anaingia uani na rafiki zake wawili, wamebeba mti wa mkaratusi mrefu kuliko nyumba.

"Shemeji, mti huo ni wa nini?"

"Wa kupandishia paneli. Baba Mdogo amesema shida yetu ni kimo."

"Kimo cha mita 1,200, Shemeji. Mti wako una mita ngapi?"

Akautazama kutoka shinani hadi kileleni. "Sita hivi."

"Sita."

"Basi tunaanza na sita."

Mita 6 hupoza hewa kwa nyuzi 0.04. Nilimwambia. Akasema hata benki huanza na kidogo.

Siku hiyo fundi alikuwepo, amekuja kuulizia ile betri yake, na alikuwa na mita ya kupimia umeme. Nikamwomba, kabla chochote hakijaguswa, apime mkondo ambao paneli inautoa saa sita mchana. Karatasi yake inasema karibu ampea 6. Mita ikasoma chini ya 3. Baba watoto, aliyekuwa ameanza kumwamini fundi kuhusu betri, akaitazama ile namba muda mrefu, maana waya zilikuwa zimechomolewa na betri haikuhusika kabisa. Fundi akakumbuka ana kazi mahali pengine, ila hakuondoka. Nadhani alitaka kuona mti.

Shemeji akapanda paani kufungua fito. Kule juu akanyamaza, kisha akaita: "Mama, njoo uone. Kioo ni cheusi."

Mama mkwe hakupanda, lakini alisimama juu ya kinu, akanyoosha mkono, akapitisha kidole pembeni ya kioo. Kidole kikaacha mstari, na chini ya mstari paneli ikang'aa buluu. Akakitazama kile kidole. Akakisugua na dole gumba. Uchafu haukupukutika, ulinyooka, una mafuta. Akaunusa.

"Hii si vumbi," alisema. "Hii ni jiko."

Na alikuwa sahihi kuliko sote. Jiko letu liko kona ya kusini mashariki, na upepo wa kiangazi hutoka hukohuko. Tangu mwezi wa tano kila kikaango cha mawese kilikuwa kinatuma salamu zake paani. Masizi yenye mafuta yananata, na juu ya masizi vumbi jekundu la barabara linapata pa kushika. Miezi ya mvua kila kitu kilikuwa kinaoshwa bure. Sasa tangu mvua zikatike hakuna tone.

Akapandishiwa shemeji ndoo na kitambaa. Ikafutwa palepale ilipolala, fundi akapima tena: ampea 3 na nusu. Imepanda, ndiyo, lakini bado. Pengine tungekaa chini kutafakari hiyo "bado", ila mti ulikuwa umeshakatwa na rafiki wawili wa shemeji walikuwa wameshakula. Huwezi kulisha watu kwa kazi isiyofanyika.

Shimo likachimbwa uani, nyuma ya nyumba, kwa amri ya mama mkwe ambaye hakutaka mti mbele ya baraza lake. Waya ulikuwa mfupi. Ili ufike, ilibidi uso wa paneli utazame uani, mgongo uipe barabara. Shemeji hakupenda, maana wapita njia wangeona mgongo tu. Lakini mti ukasimama, watoto wakapiga makofi, fundi akaunga mita yake. Karibu ampea 5.

Makelele ya furaha yalifika hadi kituo cha reli. Shemeji alibebwa. Baba watoto alinitazama kwa uso wa mtu anayejizuia, na mama mkwe akaagiza kuku achinjwe, jogoo niliyekuwa nimemtengea mwalimu mkuu.

Ukweli, ambao niliusema huku kuku akinyonyolewa na hakuna aliyeusikiliza, ni huu. Nyunzu iko digrii 6 hivi kusini ya ikweta. Mwezi wa sita jua limehamia kaskazini hadi digrii 23 na nusu, na saa sita mchana linasimama upande wa uani, si wa barabara, kwenye digrii 60 tu juu ya upeo. Upande wa kusini wa paa letu unakuwa umelipa jua kisogo, na mwanga unaugusa kwa ubavu. Pale peke yake theluthi nzima ilikuwa inapotea. Mwezi wa kumi na mbili jua linatupita utosini kwenda kusini, kwa hiyo paneli iliyofungwa mwezi wa kumi na moja ilikuwa imekaa mahali pake hasa. Karatasi ya kwenye katoni haikudanganya mtu. Iliandikiwa wanaokaa Ulaya na nchi za huko, ambao jua lao haliondoki kusini mwaka mzima. Kwetu jua lina nyumba mbili, na mwezi wa tatu na wa kumi linapohama hupita juu ya kichwa.

Kwa hiyo mti ulikuwa umefanya mambo matatu kwa mkupuo: umegeuza uso wa paneli kaskazini, umeiondoa kwenye moto wa bati na kuiweka penye upepo, na umeitoa kwenye njia ya moshi wa jiko. Kimo hakikuwemo.

Kesho yake nilitaka ithibitishwe. Tukaishusha, tukaiegemeza kwenye kiti katikati ya uwanja, safi, inatazama kaskazini, imeinama kiasi kilekile. Fundi akapima. Karibu 5, ileile. Kutoka mita 6 hadi sentimita 40, mita haikutikisika. Nikamtazama shemeji.

"Umeona?"

"Nimeona," alisema bila haya. "Imeshazoea kule juu."

Ikarudishwa juu. Mama mkwe akaongeza vipande vya kitenge.

Lakini karibu 5 si 6, na jioni hali ilikuwa mbaya zaidi ya hapo. Saa kumi, jua likiwa bado liko mbali na milima, mkondo ulikuwa unaporomoka. Huu ndio upande wa habari ambao mti, kitambaa wala kuku hawakuufikia.

Kiangazi kwetu mbingu haina mawingu, na kwa sababu hiyo watu huiita safi. Itazame vizuri mwezi wa saba. Si ya samawati. Ni nyeupe, na kuelekea upeo ni rangi ya chai ya maziwa. Vilima unavyovijua vilipo havipo. Jua la saa kumi na moja ni duara jekundu, unalitazama bila kukunja jicho. Hewa yote inanuka majani yaliyoungua. Wawindaji wanachoma nyika kutoa ndezi, wakulima wanachoma mashamba, wenye ng'ombe wanachoma ili nyasi changa ziote, na vijana wanachoma kwa sababu wengine wamechoma. Asubuhi unaamka na mabaki meusi ya majani yameanguka kwenye ndoo ya maji.

Na si Nyunzu peke yake. Kutoka Katanga hadi Angola na Zambia, mwezi wa sita hadi wa tisa, ni moshi mmoja. Kati ya ardhi yote inayoungua duniani kila mwaka, karibu asilimia 70 iko Afrika. Mwaka 2000 wanasayansi wa nchi nyingi walikutana kusini mwa bara kwa utafiti walioupa jina SAFARI 2000, na ndege, na setilaiti ya Terra iliyokuwa imerushwa mwisho wa 1999, kwa ajili ya moshi huuhuu. Wakaukuta umepanda kilomita kadhaa angani, unasafiri mamia ya kilomita toka unakozaliwa. Ndiyo maana hata yule wa Marungu asijisifu sana. Kupanda mita 2,000 kunakutoa juu ya hewa nyingi, lakini huenda kusikutoe juu ya moshi wa mwezi wa nane.

Moshi huufanyia mwanga mambo mawili. Sehemu huutawanya, yaani mwanga unaacha kuja kwa mshale mmoja kutoka kwenye jua, unakuja umesambaa kutoka mbingu nzima, kwa namna ya mwanga unaopita kwenye chandarua kichafu. Huo paneli bado inauokota kwa kiasi. Sehemu nyingine, ile ya chembe nyeusi za masizi, huumeza kabisa, na huo haurudi. Adhuhuri hasara inavumilika kwa sababu jua linapita kwenye unene mdogo wa hewa. Likiwa digrii 30 juu ya upeo linapita kwenye hewa mara mbili. Likiwa digrii 10, zaidi ya mara tano. Kwa hiyo moshi hauli siku nzima sawasawa. Unaikata ncha zake, asubuhi na jioni, na betri inakuta saa zake za kula zimebaki chache katikati.

Tukakubaliana, baada ya vikao ambavyo sitaki kuvisimulia, kwamba simu za wateja zitachajiwa kati ya saa nne na saa nane mchana tu, moja kwa moja jua likiwa kali, na betri iachiwe kinachobaki. Kioo kifutwe mara kwa mara, alfajiri, kingali baridi. Kumwagia maji baridi kioo kilichochemka ni kukitafutia ufa. Ubishi ukawa wa maji yenyewe, maana kiangazi ndoo ya maji ina mwenyewe. Mama mkwe alipendekeza maji yaliyosuuziwa vyombo. Nikakataa, yana mafuta, tungekuwa tunapaka tulichokifuta. Hatimaye aliruhusu kikombe kimoja, na kitambaa akakikagua mwenyewe.

Siku moja wakati wa kukifuta, nilikuta kioo kimechafuka kwa usiku mmoja kupita kiasi. Nikafuata upepo. Nyuma ya nyumba ya jirani, penye udongo wa mfinyanzi, palikuwa na tanuru la matofali, refu, linafuka kwenye kila tundu, limechomwa tangu juzi kwa magogo mabichi. Kiangazi ndiyo majira ya matofali, nani asiyejua. Nikamwita jirani kwa heshima zote.

"Baba, tanuru hili ni la nani? Linatuua."

Akashangaa. "Madame, si lenu? Muuguzi ndiye aliyeniagiza. Matofali ya jiko lako."

Baba watoto alikuwa anataka kunishangaza. Alikuwa amekumbuka ahadi ya likelemba, na kwa fedha za simu za mama yake alikuwa anachoma matofali kimyakimya, kama neno kimyakimya linafaa kwa kitu kinachoonekana kutoka ng'ambo ya Lukuga.

Mama mkwe alisikiliza habari nzima, mikono kiunoni. "Kwa hiyo," alisema, "tunauza moto ili tununue moshi, na moshi unatunyima moto."

Hakuna aliyemjibu. Tanuru lililowashwa halizimwi. Matofali yangetoka mabichi. Tulikaa nalo hadi lilipokwisha lenyewe, na usiku huo tulirudia kibatari.

Mwezi wa nane mchwa walimaliza kazi yao. Mkaratusi mbichi uliochimbiwa bila kupakwa oili chafu ni karamu, na chamchela ya mchana mmoja ilitosha: mti ukalalia upande wa jiko, paneli ikatua kifudifudi juu ya mihogo ya mama mkwe iliyokuwa imeanikwa kwenye mkeka. Kioo hakikupasuka, unga ulikiokoa. Fremu ilipinda kona. Sehemu ya mihogo haikuliwa, na kikao kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote, ila shemeji alitoka humo na ruhusa ya kununua bomba la chuma.

Bomba lina mita 4. Ni yeye aliyelipunguza, kwa sababu ya bei, na hajawahi kueleza kimo kimekwenda wapi. Nimeweka bawaba pale juu ili uso wa paneli ugeuzwe, kaskazini mwezi wa nne, kusini mwezi wa kumi. Yeye huwaambia watu ni za kuzuia upepo. Nyumba kadhaa za mtaa sasa zina milingoti, na amekuwa akilipwa kuisimamisha. Paneli zote zinatazama kaskazini, kwa kuwa yetu ilitazama kaskazini. Mwezi wa kumi na mbili patakuwa na maneno.

Mwezi wa tisa, moshi ukiwa mzito kuliko wakati wowote, Baba Mdogo alipiga simu. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Friji yake inazimika saa tatu usiku, alisema, mchana mbingu ya Lubumbashi yote ni vumbi na moshi, na fundi wa kule anamwambia anunue betri. Akauliza kama Madame yupo.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Nilitaka kumuuliza paneli yake inatazama wapi, na mara ya mwisho kioo kilifutwa lini. Lakini shemeji alikuwa karibu zaidi na meza.

"Baba Mdogo," alisema, "kwani paa lako lina mita ngapi?"